Mgonjwa Aliyeamka na Stoma Bila Kutarajia: Mwongozo wa Kumfundisha Hadi Hofu Ipungue

Kila wauguzi wapya wanapopangiwa wadi ya upasuaji, maswali huwa yale yale. Nimwambie nini mgonjwa anayejifunika khanga usoni kila nikifika na beseni? Nianze kumfundisha siku ya ngapi? Mkewe ndiye anayebadilisha mfuko, je, inatosha? Nimeyakusanya majibu hapa kwa ajili yako unayefanya kazi hospitali isiyo na muuguzi bingwa wa stoma, yaani mdomo wa utumbo uliotolewa nje ya tumbo kwa upasuaji ili choo kipite hapo na kuingia kwenye mfuko. Hospitali zetu nyingi ziko hivyo. Ndugu anayemuuguza mtu nyumbani naye atapata cha kumsaidia.

Mtu anayepangiwa upasuaji mapema hupata nafasi ya kuelezwa, kuuliza na kuzoea wazo. Mgonjwa wa dharura hana nafasi hiyo. Ameletwa usiku tumbo limevimba kwa sababu utumbo umejisokota, au homa ya matumbo imeutoboa, au amepata ajali ya bodaboda. Huenda fomu ya ridhaa alitia saini kaka yake. Dawa ya usingizi ikiisha anakuta kipande cha utumbo kiko nje ya ngozi na choo kinatokea tumboni. Kama hajaelezwa, atajieleza mwenyewe, na maelezo atakayojipa ni mabaya kuliko ukweli: kwamba ameoza, kwamba ana saratani inayofichwa, kwamba amepelekwa wadini kusubiri kifo. Kwa hiyo yafundishe mambo kwa mpangilio wa hofu yake, hata kama kitabu chako cha chuo kina mpangilio mwingine. Kila somo liandike kwenye faili kama unavyoandika dawa, ili wa zamu ya usiku aendelee ulipoishia.

Vya kuwa navyo kabla hujaanza

Kwanza soma maelezo ya upasuaji. Unatakiwa kujua kama ni kolostomi, yaani utumbo mpana ndio uliotolewa nje, au ileostomi, yaani utumbo mwembamba. Maisha ya hawa wawili hayafanani, hasa kwenye maji na chakula. Muulize daktari aliyepasua jambo moja: je, kuna mpango wa kuurudisha utumbo ndani? Usiende kwa mgonjwa bila jibu hilo, maana ndilo atakalokuuliza.

Vifaa: mifuko ya stoma miwili au mitatu, mkasi, kalamu, kipande cha karatasi ngumu (boksi la dawa linafaa), maji ya uvuguvugu, gozi au kitambaa laini, glavu, beseni, mfuko wa taka na kioo kidogo cha mkononi. Kioo ni muhimu kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu mgonjwa mwenye tumbo kubwa au aliyelala chali haioni stoma yake.

Tafuta pazia la kuzungushia kitanda. Kama wadi haina, hata shuka lililoshikwa na ndugu wawili linatosha. Mpe dawa ya maumivu nusu saa kabla. Mtu mwenye maumivu hasikii somo.

Hatua kwa hatua

1. Siku ya kwanza, jibu swali lake tu.

Akishaamka vizuri, vuta kiti ukae. Usisimame juu yake. Mwite kwa jina analoitwa kwao: mzee, mama fulani, kaka. Kisha mwambie ukweli kwa maneno machache: "Mzee wangu, utumbo wako ulijisokota na sehemu moja ikafa. Madaktari waliiondoa ile iliyokufa. Kuunganisha palepale wakati tumbo lina usaha kungekuwa hatari, kiungo kingeachia. Kwa hiyo waliutoa mdomo wa utumbo nje ili upone. Choo sasa kitapita hapa, kwenye mfuko." Nyamaza. Mwache alie au akasirike. Wengine huuliza kwa ukali, "Nani aliwapa ruhusa?" Usijitetee. Mweleze nani alitia saini na kwa nini haikuwezekana kumsubiri yeye.

Usimwahidi tarehe ya kurudishwa. Wengi wenye stoma ya muda hurudishiwa utumbo baada ya miezi mitatu au zaidi, lakini inategemea lishe, ugonjwa wenyewe na hali ya tumbo. Ukisema "miezi mitatu" naye akaambiwa kliniki asubiri, hatakuamini tena kwa lolote. Kama stoma ni ya kudumu, habari hiyo aipate kwa daktari aliyepasua, wewe ukiwa pembeni, na si kwa kudokezwa.

2. Mwonyeshe stoma kabla hajaombwa kufanya lolote.

Siku ya pili au ya tatu inatosha kwa wengi. Mwambie kwanza atakachokiona: kitu chekundu, chenye unyevu, kama ndani ya mdomo wa chini ukiuvuta. Kisha mpe kioo. Sema kwamba imevimba kwa sababu ya upasuaji, na itaendelea kupungua kwa wiki sita hadi nane. Akigeuza uso, funika, mwambie mtajaribu tena jioni, na kweli urudi jioni.

Angalia uso wako mwenyewe. Mgonjwa hakutazami mikono, anakutazama pua na midomo. Ukikunja uso mara moja, ameshajua kwamba ananuka.

3. Mkono wake uiguse.

Hapa ndipo hofu nyingi hupungua, na hapa ndipo wauguzi wengi hukimbilia kumaliza kazi wenyewe. Wengi huamini kuwa stoma ni kidonda, kwamba ikiguswa itauma au itachanika. Haina mishipa ya fahamu ya maumivu kama ya ngozi. Mpe gozi yenye maji ya uvuguvugu, weka mkono wako chini ya wake, muifute stoma pamoja. Mwambie mapema kwamba damu kidogo ikionekana kwenye gozi ni kawaida, kama ufizi wakati wa kupiga mswaki. Asiyeambiwa akiona tone hilo jekundu hataigusa tena kwa siku kadhaa. Utaona vidole vyake vimekakamaa mwanzoni, vinagusa na kurudi. Subiri. Mguso wa pili huwa mrefu kuliko wa kwanza, na mara nyingi swali la kwanza la maana huja hapo hapo: "Kumbe haiumi. Sasa nikilala kifudifudi?"

4. Anza na kumwaga, kubadilisha kuje baadaye.

Kumwaga ni rahisi na atafanya hivyo mara nyingi kwa siku, kwa hiyo akiweza anapata ushindi wa haraka. Mfuko umwagwe ukijaa theluthi moja, usingoje ujae. Ukijaa, uzito wake unabandua gundi. Akae chooni au asimame mbele ya beseni, afungue mdomo wa chini, amwage, afute mdomo ndani na nje kwa karatasi, afunge. Mfuko ukivimba kwa hewa, aufungue juu ya choo autoe hewa. Asiutoboe kwa sindano, kwa kuwa tundu hilo ndilo litakalotoa harufu mchana kutwa.

5. Kubadilisha mfuko.

Fanyeni asubuhi kabla ya chai, wakati utumbo umetulia. Mara ya kwanza ufanye wewe huku ukisema kila unachofanya. Ya pili mfanye wote. Ya tatu afanye yeye, wewe mikono nyuma.

Bandua mfuko wa zamani kutoka juu kwenda chini, mkono mmoja ukishikilia ngozi. Usivute kwa nguvu. Osha ngozi kwa maji peke yake, au kwa sabuni isiyo na mafuta wala manukato, suuza, kisha kausha kwa kupapasa hadi iwe kavu kabisa. Pima stoma kwa ile karatasi ngumu: kata tundu, jaribu, ongeza kidogo kidogo hadi lipite vizuri. Tundu la mfuko liwe kubwa kuliko stoma kwa milimita mbili hadi tatu tu pande zote. Likiwa pana zaidi, choo kinakaa juu ya ngozi na kuichoma. Likibana, linakata stoma. Karatasi hiyo iandikwe tarehe, naye aende nayo nyumbani kama kipimo. Kila wiki apime upya hadi stoma iache kupungua.

Pasha gundi joto kwa kuushika mfuko kati ya viganja dakika moja, bandika kuanzia chini kwenda juu, kisha mgonjwa aweke kiganja chake juu yake kwa dakika mbili tatu. Mfuko wa kumwaga ukibandikwa vizuri hukaa siku mbili hadi nne. Ukivuja hata kidogo, ubadilishwe hapo hapo. Kuuzungushia plasta ni kufungia choo juu ya ngozi.

Onyo: usipake Vaseline wala losheni chini ya mfuko wa gundi, hautashika. Mifuko isihifadhiwe kwenye jua, juu ya bati au ndani ya gari, gundi huharibika.

Sasa niseme wazi kuhusu mifuko kukosekana. Kuna wagonjwa wengi ambao hawataweza kununua mifuko ya kiwandani kila wiki, na bima yao ama haipo ama haigusi. Usisubiri siku ya ruhusa ndipo mlijadili. Kama itabidi atumie mfuko wa plastiki safi uliofungwa kwa mkanda wa kitambaa kiunoni, mfundishe huo wadini, akiwa na wewe. Hapo hakuna gundi, kwa hiyo ngozi ilindwe kwa krimu ya zinki au Vaseline iliyopakwa nene, na ioshwe mara tu choo kinapotoka. Tangu mifuko ya plastiki ya kubebea ipigwe marufuku Kenya mwaka 2017 na Tanzania mwaka 2019, rambo haipatikani ovyo kama zamani, basi uliza mapema familia itapata wapi ya kufaa. Mgonjwa hapungukiwi heshima kwa kukosa pesa, na sauti yako imwonyeshe hivyo.

6. Chakula na maji.

Chunguza sahani yake. Wagonjwa wengi huacha kula ili choo kisitoke, na hawasemi. Ukiona uji umerudi ulivyo siku mbili mfululizo, uliza moja kwa moja: "Mama, unaogopa mfuko kujaa?" Mweleze kwamba utumbo mtupu hutoa hewa nyingi, na kwamba kidonda hakiponi bila chakula.

Mwenye kolostomi hurudi kwenye chakula cha nyumbani polepole. Mwenye ileostomi ale kidogo kidogo, atafune sana, na kwa wiki sita za mwanzo aepuke vyenye nyuzi na maganda vinavyoweza kuziba: mahindi ya kuchoma, karanga nzima, nazi, uyoga, miwa, embe la nyuzi. Wali, ugali laini, ndizi mbivu na viazi husaidia choo kiwe kizito. Maharage na kabeji huleta hewa. Si haramu, ajaribu kimoja kimoja.

Suala la maji kwa mwenye ileostomi lipe muda wake peke yake, kwa kuwa ndilo linalorudisha watu hospitali. Utumbo mpana ndio unaofyonza sehemu kubwa ya maji na chumvi iliyobaki, na yeye kwa sasa hautumii. Choo kikizidi lita moja na nusu kwa siku, atakauka. Afundishwe kupima kwa chupa ya maji ya kunywa iliyokatwa juu. Kikizidi, asijimiminie maji matupu akidhani anafidia, kwani hayo huendelea kumtoa chumvi. Anywe ORS ya pakiti, yaani unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji. Ikikosekana, lita moja ya maji safi, vijiko sita vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vilivyosawazishwa juu. Kisha aje hospitali.

7. Geuza kibao: yeye akufundishe.

"Umeelewa?" ni swali bovu. Kila mtu hujibu ndiyo, hasa mbele ya sista mwenye haraka. Sema hivi: "Mzee, leo mimi ndiye mwanafunzi, nimeanza kazi jana. Nifundishe kubadilisha mfuko." Mwache aende hadi mwisho hata akikosea mpangilio. Anapokwama ndipo pa kurudia, bila kumlaumu. Kwa asiyesoma, tumia simu yake mwenyewe kurekodi mikono yake mwenyewe ikifanya kazi, uso usionekane. Akiwa nyumbani saa nane za usiku mfuko ukabanduka, ataiangalia mikono yake ikifaulu.

Ndugu afundishwe pia, kwa idhini ya mgonjwa na kwa chaguo lake. Mwingine hataki mkwe amwone. Lakini ndugu awe wa akiba. Mgonjwa anayefanyiwa kila kitu anatoka wadini akiwa na hofu ile ile aliyoamka nayo.

8. Yale asiyoyauliza.

Yaanzishe wewe, faragha, kwa kusema "wengi huniuliza". Ibada ndiyo ya kwanza. Muislamu atakuwa na wasiwasi kuhusu udhu. Masheikh huwachukulia wenye hali hii kama watu wenye udhuru: anamwaga mfuko, anatia udhu baada ya wakati wa swala kuingia, anaswali. Mhimize amwone sheikh wake ili moyo utulie. Kuhusu funga, mwenye ileostomi azungumze na daktari kabla ya Ramadhani, kwa sababu kukauka kwake ni kwa haraka.

Tendo la ndoa huwezekana kidonda kikishapona, kwa kawaida baada ya wiki sita hivi; amwage mfuko kwanza, auvalie kitambaa au mkanda. Mwanamke mwenye ileostomi anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango ajue kwamba huenda visifanye kazi vizuri, apewe njia nyingine. Mwenye dawa za kila siku, ziwe za shinikizo, kifafa au ARV, zipitiwe na daktari, kwani baadhi ya vidonge vya kuyeyuka polepole hupita bila kufyonzwa.

Kazi: asinyanyue kizito kwa wiki sita hadi nane, ili henia isitokee kando ya stoma. Usiseme "kizito" ukaishia hapo. Ndoo ya lita 20 ina kilo 20 za maji. Taja ndoo, jembe, gunia, mtoto wa mgongoni.

9. Mkutanishe na aliyepitia.

Maneno yako yote hayafikii dakika kumi za mtu aliyeingia amevaa shati lake, akafunua, akasema "na mimi ninao". Mwaka 1958 daktari Rupert Turnbull wa Cleveland Clinic, Marekani, alimwajiri Norma Gill, aliyekuwa na ileostomi mwenyewe, awafundishe wagonjwa. Taaluma ya uuguzi wa stoma ilianzia hapo. Wewe unahitaji tu daftari la wagonjwa wa zamani waliokubali kuitwa. Chagua mwenye umri na jinsia inayokaribiana, na muulize mgonjwa wako kwanza.

Yanayoharibu kazi yote

Kufundisha kila kitu siku ya ruhusa, gari likingoja nje. Kusema "usiogope" bila kueleza cha kutoogopa. Kujadili stoma kwa sauti wakati wa raundi kitanda kwa kitanda. Kutia aspirini ndani ya mfuko kuondoa harufu: inaweza kuchubua stoma na kuitoa damu. Na kumwita mgonjwa "yule wa kolostomi".

Ikitokea hivi, fanya hivi

*Stoma imekuwa ya zambarau iliyokolea, kahawia au nyeusi.* Damu haifiki. Mwite daktari sasa hivi, usingoje raundi.

*Ngozi imekuwa nyekundu, inawasha au imechubuka.* Pima tundu upya, karibu kila mara ni pana. Osha, kausha, nyunyiza poda ya stoma kama ipo, pukuta inayozidi, bandika. Vipele vidogo vyekundu vinavyosambaa huweza kuwa fangasi, vinahitaji dawa.

*Mfuko unavuja upande mmoja kila siku.* Mkalishe, mwinamishe, utaona mkunjo wa ngozi. Ujaze kwa pasta ya stoma (gundi laini ya kujazia mikunjo) au kipande cha gundi ya mfuko wa zamani kilichokatwa, kisafi na kikavu.

*Choo hakitoki, tumbo linauma na kuvimba, anatapika.* Asile, asinywe dawa ya kufungulia choo. Hospitali.

*Kamasi zinatoka njia ya kawaida ya haja.* Hutisha sana, na ni kawaida kama sehemu ya chini ya utumbo imeachwa. Akae chooni, zitoke. Zikiwa na usaha au damu nyingi, aje.

*Kiu kali, mkojo mchache na mweusi, kizunguzungu akisimama, misuli inakaza.* Amekauka. ORS akiwa njiani kuja.

*Utumbo umechomoza kuliko kawaida.* Alale chali, afunike kwa kitambaa safi chenye maji, asiusukume kwa nguvu. Ukibadilika rangi au ukigoma kurudi, ni dharura.

*Halali, haongei, anasema afadhali angekufa.* Hilo huwezi kulibeba kwa somo la mfuko. Kaa naye, muulize wazi kama amefikiria kujidhuru, usimwache peke yake, mjulishe daktari na mshauri nasaha siku hiyo hiyo.

Mgonjwa aruhusiwe akiwa amebadilisha mfuko mwenyewe angalau mara mbili mbele yako, akiwa na mifuko ya kumfikisha kliniki, kipimo chake cha karatasi, pakiti za ORS na namba ya simu ya wadi. Mpigie baada ya siku tatu. Mwulize amekula nini, amelala vipi, na mara ya mwisho nani alibadilisha mfuko.